Darasa la logilaini pale Sinza: kwa mwenye filamu ya visa vingi

Kama una filamu yenye visa vitatu, vinne au sita ndani yake, na kila ukitaka kumweleza prodyuza unajikuta umesimulia nusu saa na bado hajakuelewa, nenda kwenye darasa hili. Ni shilingi 60,000 kwa Jumamosi mbili, chai na chapati humo humo, na mimi sijutii hata mia. Yapo yaliyoniudhi na nitayasema yote. Nimeanza na hukumu kwa sababu najua mtu anayesoma maoni ya namna hii anataka kujua kwanza aende au asiende.

Kazi yangu ya kila siku ni kuhariri video za harusi na sendofu, ofisi iko Tabata. Usiku naandika. Muswada nilioupeleka darasani ni wa nyumba moja ya kupanga pale Mwananyamala, wapangaji wanne, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kununua kabla ya kuutumia, usiku mmoja. Kila mpangaji ana kisa chake cha dakika ishirini na kitu. Kurasa zilikuwepo, maongezi yalikuwepo, wahusika nawajua kama majirani zangu. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kuubeba mzigo wote huo, ile ya kumtumia mtu kwenye WhatsApp akaisoma kabla hajafungua ujumbe mwingine.

Kwa ambaye hajakutana nayo, logilaini ni sentensi moja, zikizidi sana mbili, inayosema filamu inamhusu nani, amepatwa na nini, anataka nini, na akikikosa atapoteza nini. Jina la mhusika haliwekwi, kwa sababu msomaji hamjui Baraka wala Neema. Linawekwa jambo linalomtambulisha, kwamba ni bodaboda mwenye madeni, au mjane anayeuza vitumbua. Mwisho wa filamu hausemwi. Kwa filamu ya mhusika mmoja kazi hii ina ugumu wake lakini inafanyika. Kwa filamu ya mkusanyiko wa visa, ile inayoitwa pia antholojia, "nani" ni wengi, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea na kuanza kuorodhesha watu.

Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka Barabara ya Shekilango. Honi zinaingia dirishani tangu saa tatu asubuhi mpaka mnapoondoka. Feni mbili, viti vya plastiki, ubao mweupe na projekta. Tulikuwa watu wachache, kiasi kwamba kila mmoja alisomewa kazi yake mbele ya wenzake, na hilo peke yake ni sababu ya kulipa. Mwalimu ni dada ambaye ameandika tamthilia za televisheni kwa miaka mingi, na inaonekana. Hakupi sifa za bure. Akishasoma sentensi yako ananyamaza kwanza, halafu anauliza swali moja, na swali lenyewe ndilo linalokutoa jasho.

Sasa nieleze kile ambacho kwangu kilikuwa moyo wa darasa zima.

Alituuliza nani anaijua Alfu Lela U Lela. Mikono yote ikaenda juu. Akasema: haya, andikeni logilaini yake. Watu wakaanza. Mmoja akaandika habari za Sindbad na safari zake saba. Mwingine akamweka Ali Baba na wezi arobaini, akamwongeza Aladini na taa. Kijana mmoja wa Gongo la Mboto akajitahidi kuwaingiza wote, akajaza nusu ukurasa. Mwalimu akazisoma zote bila kucheka mtu, halafu akaandika ubaoni, na mimi nikanakili hivi: "Mwanamke aliyeolewa na mfalme anayemuua kila mke asubuhi ya pili, analazimika kumsimulia hadithi asiyoimaliza kila usiku ili aione kesho yake."

Ukumbi ukanyamaza. Sindbad hayumo. Ali Baba hayumo. Hadithi zote zile tulizokua nazo hazimo hata moja, na bado sentensi ile ndiyo kitabu chenyewe. Kinachomfanya mtu atake kusikiliza ni shingo ya Shahrazad, mwanamke huyo msimuliaji. Hadithi nyingine zote zinaning'inia hapo.

Mimi nimehudhuria mafunzo mengine ya uandishi hapa mjini, na sijawahi kuona jambo linaingia kwa watu wote kwa mara moja namna ile. Logilaini ya filamu ya visa vingi inauza kamba inayovifunga visa. Orodha ya visa ina karatasi yake, na hiyo inakuja baadaye.

Kisha akatuonyesha kwamba kamba zenyewe haziko za aina moja. Akaleta mfano wa filamu ya Kiingereza ya mwaka 1945, Dead of Night, ambamo msanifu majengo anafika kwenye nyumba ya shamba na kuwakuta watu ambao alishawaona ndotoni, na wageni wale wanasimulia kila mmoja jambo la ajabu lililompata. Hapo kuna hadithi mama, yaani moja inayozibeba nyingine zote, kama ile ya Shahrazad, na mhusika wa logilaini ni yule msanifu. Akaleta Night on Earth ya Jim Jarmusch, ya mwaka 1991: teksi tano, miji mitano, Los Angeles, New York, Paris, Roma na Helsinki, usiku ule ule mmoja. Hapo hakuna hadithi mama. Kamba ni usiku na kiti cha nyuma cha teksi, kwamba watu wasiojuana wamefungiwa pamoja kwa muda wa safari moja. Halafu akaleta Relatos salvajes ya Damián Szifron, kutoka Argentina, mwaka 2014. Visa sita, hakuna mhusika anayetoka kisa kimoja kuingia kingine, hakuna mahali pamoja. Kamba yake ni hasira: watu wa kawaida waliosukumwa mpaka uvumilivu ukakatika. Ukiiandikia logilaini huwezi kumtaja mtu mmoja, unataja hali moja inayowapata wote na hatua wanayoichukua.

Nilifurahi alipoigusa na Binti, filamu ya Seko Shamte ya mwaka 2021, kwa sababu ni ya hapa hapa kwetu: wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na sehemu yake. Ningependa akae hapo muda mrefu zaidi. Mifano ya nje tuliipata ya kutosha, na huu wa nyumbani ambao nusu ya darasa tuliuona tuliupitia mbio.

Tukaja kwenye kazi zetu. Yangu ilisomwa Jumamosi ya pili, na nitaiweka hapa ilivyokwenda ili msomaji aone anacholipia.

Sentensi niliyokwenda nayo ilikuwa hii: "Katika nyumba ya kupanga Mwananyamala, muuza vitumbua, bodaboda, mzee mstaafu wa bandari na mwanafunzi wa uuguzi wanapambana kila mmoja na siri yake usiku umeme ulipokatika."

Mwalimu akanyamaza. Kisha: "Dada, umeme ukirudi dakika tano baadaye, filamu yako imekufa?"

Nikafikiri. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, kwa sentensi ile. Giza lilikuwa pambo tu, na neno "siri" halikuwa na uzito wowote, kwa sababu kila filamu duniani ina mtu mwenye siri. Akaniambia nisahau watu kwanza, nimweleze ile mita. Nikamweleza: wapangaji wanachanga kila mwezi, mmoja anakusanya, ananunua, anaingiza zile tarakimu ishirini kwenye mita. Mwezi huu mchango umetolewa na uniti zimeisha mapema. Mtu amekula hela.

"Simu zipo," akasema. "Kila mtu hapa anaweza kununua LUKU kwa simu saa nane usiku. Kwa nini wasinunue tu walale?"

Hapo mama mmoja mstaafu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akajibu kabla yangu. "Mwalimu, wewe hujawahi kukaa nyumba ya kupanga? Hakuna atakayetoa hata mia mpaka mwizi ajulikane." Darasa zima likaitikia. Na kweli ndivyo ilivyo. Mtu yuko radhi alale gizani na joto la Februari kuliko kumlipia aliyemla. Jambo hilo mimi nalijua tangu utotoni na lilikuwa kwenye muswada wangu, ukurasa wa kumi na kitu, limejificha ndani ya ugomvi wa wanawake wawili uani. Mwalimu akalitoa huko akaliweka mezani: ubishi wao ndio unaoizuia taa isiwake, kwa hiyo ubishi ndio kamba.

Bado kulikuwa na pengo. Wakiendelea kubishana mpaka asubuhi, nani anaumia? Kwenye muswada wangu muuza vitumbua ana mashine ya kutotolesha vifaranga aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi, imewekwa chini ya kitanda. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na yeye yuko usiku wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeiona mashine ile kama jambo la kisa chake peke yake. Mwalimu akaniuliza, mbona saa ya filamu nzima iko chini ya kitanda cha mtu mmoja na wengine hawaijui?

Nilichotoka nacho ni hiki: "LUKU inapoisha usiku katika nyumba ya wapangaji wanne, hakuna anayekubali kununua nyingine mpaka ajulikane aliyekula mchango, lakini chumba kimoja kinaficha mayai yanayopaswa kutotolewa alfajiri, na kila mlango unaogongwa unafunua deni zito kuliko la umeme."

Isome kwa sauti. Nyumba ipo, saa ipo, kinachozuia kipo, na neno "kila mlango" linamwambia prodyuza kwamba hii ni filamu ya visa, bila mimi kusema "hii ni filamu ya visa vinne". Wahusika watatu hawakutajwa kabisa. Nilidhani itaniuma kumwacha mzee wangu wa bandari, ambaye nampenda kuliko wote, lakini yeye yumo nyuma ya mlango mmojawapo, na mtu akitaka kumjua itabidi aombe muswada.

Mama yule mstaafu, alikuwa mwalimu wa sekondari, naye alikuwa na filamu ya visa vitatu kwenye kivuko cha Kigamboni. Sentensi yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, kivuko kinazima injini katikati ya mkondo na abiria watatu kila mmoja ana sababu ya kutotaka kifike ng'ambo. Kijana wa Gongo la Mboto akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mama, lakini tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, si mtu anapita tu Kurasini?" Mama akamwitikia marahaba, akamuuliza kama amewahi kutoka Feri kwa miguu na kapu la samaki kichwani. Mazungumzo yakaishia hapo, na kwenye sentensi yake, baada ya "abiria watatu", yakaongezeka "wa miguu". Maneno mawili tu, na mtu mwenye gari ametoka kwenye filamu. Huo ndio ubora wa kukaa na watu wa mji mmoja: wanajua mahali ambapo hadithi yako itavuja.

Mwalimu ana kipimo kimoja ambacho nakitumia mpaka leo. Isome logilaini yako kwa mtu asiyejua chochote, popote penye kelele, kituoni au ndani ya daladala. Akiuliza "halafu?" iko hai. Akiuliza "yupi?" umewajaza watu. Nilimjaribu konda mmoja wa Tabata–Kariakoo kwa ile ya kwanza, akaniuliza nani tena ni wa bandari. Kwa hii ya sasa aliuliza, "Sasa mayai yalitotolewa?" Sikumjibu.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni projekta. Karatasi zote zilizoonyeshwa ukutani zilikuwa za Kiingereza, darasa limejaa watu wanaoandika filamu za Kiswahili. Mwalimu alikuwa anatafsiri mdomoni na anajua anachosema, lakini wapo wenzetu waliokuwa wanainama kunakili maneno wasiyoyashika na kupitwa na maelezo. Na jambo hili lina madhara zaidi ya usumbufu. Kwenye kijitabu cha darasa imeandikwa kwamba logilaini isizidi maneno 25 au 30. Hiyo ni hesabu ya Kiingereza. Kwetu neno moja kama "hawajamwambia" lina mtenda, wakati, kukanusha na mtendwa humo humo, halafu upande wa pili tuna "wa", "ya", "la" na "za" zinazojaza hesabu bila kubeba chochote. Ukihesabu maneno utakata pasipostahili. Nilimwambia, na kwa haki yake alikubali mbele ya wote. Tukapatana kwamba kipimo kiwe pumzi: sentensi isomeke kwa sauti ya kawaida bila kuhema katikati zaidi ya mara moja. Basi kijitabu kirekebishwe. Si kazi ya wiki, ni ya jioni moja.

La pili, nusu nzima ya Jumamosi ya kwanza ilikwenda kwenye historia ya sinema duniani. Ilisimuliwa vizuri, lakini mtu amelipa nauli kutoka Mbagala kuja kuandika sentensi, na mpaka chai ya saa nne hakuna aliyekuwa ameshika kalamu.

La tatu linanihusu mimi na wengine kadhaa. Tuliahidiwa maoni ya maandishi kwa kila mmoja ndani ya wiki. Yalichelewa sana, na ilibidi tuulizie tena na tena. Yalipofika yalikuwa mazuri, ya ukurasa mzima, yamesomwa kwa makini. Kwa hiyo siulizi uwezo wao, nauliza ratiba. Mtu aliyekuwa anakimbiza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi mahali angekuwa amekosa.

Kuna jambo dogo nataka kulisifia kwa sababu sikulitarajia. Baada ya logilaini kuu, kila mmoja anaandika mstari mmoja mmoja wa kila kisa, chini yake, kwenye karatasi ile ile. Sharti ni kwamba kila mstari utumie kitu kilichotajwa juu. Kwangu ilikuwa mlango na deni. Wa mzee wa bandari ukawa: "Mstaafu aliyewaambia wote kwamba mafao yake bado hayajatoka anaposikia hodi, ana dakika moja ya kuficha alikoyapeleka." Nilipomaliza minne nikaona kisa cha mwanafunzi wa uuguzi hakina deni lolote. Kilikuwa kisa kizuri cha mapenzi, kimekaa tu nyumba hiyo. Karatasi ilionyesha jambo ambalo kurasa tisini hazikunionyesha, kwamba yeye ndiye anayeweza kuhama filamu hii bila mtu kumkosa. Sasa ninamwandika upya, na amekuwa ndiye mkusanyaji wa mchango. Filamu nzima imekaza.

Nani asiende? Kama bado huna visa, una wazo tu la "filamu kuhusu maisha ya mjini", utakaa ukisikiliza ya wenzako. Nenda ukiwa na rasimu. Kama filamu yako ina mhusika mmoja, utafaidika lakini robo tatu ya darasa haitakuwa yako. Na kama unatafuta mtu wa kukuandikia, hapo sipo. Mwalimu haandiki sentensi ya mtu, anauliza maswali mpaka uiandike mwenyewe, na ukikaa kimya anakaa kimya na wewe.

Ukienda, wahi kiti cha upande wa ukutani, huku dirishani honi zinameza nusu ya maneno. Beba nakala zako zilizochapwa, maana steshenari ya karibu Jumamosi inafungua wanapotaka. Malipo ni kwa simu na risiti wanatoa bila kuombwa. Chapati zinaisha haraka.

Wametangaza darasa jingine, la kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa filamu ya namna hii hii. Nimeshauliza kama karatasi za ukutani zitakuwa za Kiswahili safari hii. Nimejibiwa kwamba zinaandaliwa, na nimelipia.